Ndege wa Uani na Kamusi za Kiswahili: Kipimo cha Mbeya na Iringa

Mtu atakayefungua kamusi ya Kiswahili kutafuta maana ya jina la ndege mdogo, aghalabu atapata jibu la namna moja: kwamba hiyo ni aina ya ndege. Pengine ataongezewa neno moja la rangi, au ataambiwa kwamba ndege huyo ni mdogo, kisha basi. Jibu hilo si uongo. Lakini halimpi msomaji kitu ambacho hakuwa nacho kabla ya kufungua kitabu, maana habari aliyokuwa akiisoma ilikwisha kumwambia kwamba kilichoruka kilikuwa ndege. Alichotaka kujua ni ndege yupi, na jinsi ya kumtambua akimwona uani kwake. Mti ukielezwa hivyo, kwamba ni aina ya mti tu, wataalamu huona ni upungufu; ndege akielezwa hivyo hakuna anayeshtuka.

Kasoro hii yapasa kuchunguzwa kwa upole, kwa sababu chanzo chake si uvivu. Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, na Madan, aliyetoa yake mwaka 1903, waliwaandikia watu wanaojifunza Kiswahili kutoka lugha nyingine. Kwao kazi ya kueleza ilikwisha pale neno la Kiswahili lilipopatiwa mwenzake wa Kiingereza. Mwewe alipata mwenzake, bundi kadhalika, na msomaji aliyewajua ndege hao kwa jina la kwao akatosheka. Walioachiwa maneno ya jumla ni ndege wasiokuwa na ndugu Ulaya. Baadaye Johnson na Kamati ya Lugha walitoa kamusi mbili, ile ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935 na ile ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1939, na hapo tatizo likageuka sura. Kamusi ya lugha moja haina neno la kigeni la kuegemea. Mwenzake wa Kiingereza akiisha ondolewa, kinachobaki ni lile neno la jumla lililokuwa limekaa kando yake, na pengo halikuzibwa kwa maelezo mapya. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, iliongeza picha na kupanua maelezo mahali pengi, lakini kwa ndege wadogo ilibeba sehemu kubwa ya urithi huo.

Mimea ilikuwa na bahati zaidi. Padre Sacleux, aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, alikuwa mtaalamu wa mimea, na mkono wake unaonekana. Greenway wa kituo cha utafiti cha Amani alitoa mwaka 1940 kitabu kizima cha majina ya mimea kwa Kiswahili pamoja na majina yao ya kitaalamu. Kwa upande wa ndege, Moreau, naye wa Amani, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1940 juu ya majina yanayotumiwa na watu wa kaskazini-mashariki ya Tanganyika karibu na pwani, akionyesha kwamba mwanakijiji ana mpango wake wa kuwagawa ndege na kwamba mpango huo haulingani sikuzote na ule wa mwanasayansi. Njia hiyo ilistahili kufuatwa kusini.

Kusini ndiko kwenye kipimo kikali. Majina mengi ya ndege yaliyomo katika kamusi yalizaliwa pwani, kwenye minazi, mikoko na mashamba ya mihogo. Mbeya iko kadiri ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa hupungukiwa kidogo tu na kimo hicho. Huko kuna baridi, mikaratusi, miparachichi na misindano. Watoto wengi wa miji hiyo leo Kiswahili ndicho kinywa chao cha kwanza, hata kama bibi zao huzungumza Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa. Basi mtoto wa huko hutazama ndege wa nyanda za juu kwa maneno ya pwani. Yako maneno yanayomfaa, na yako yanayompotosha.

Chukua neno kunguru, ambalo hakuna Mswahili asiyelijua. Mtu wa Dar es Salaam au wa Unguja akilisikia, hukumbuka yule ndege mwembamba mwenye shingo ya kijivu, mwizi wa jikoni, asiye na hata unyoya mmoja mweupe. Huyo ni mgeni: aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, akaenea bara. Katika nyua za Mbeya na Iringa wanaotawala ni wengine. Mmoja ni mweusi mwenye kifua cheupe, na weupe huo huzunguka mpaka nyuma ya shingo kama fulana iliyokatwa mikono. Mwingine ni mkubwa zaidi, mwenye kifua cheusi kabisa, baka jeupe la kisogoni peke yake, mkia mfupi, na mdomo mnene uliopinda ambao ncha yake ni nyeupe. Huyu wa pili hupenda majabali, na Iringa ni mji wa majabali. Akiruka juu ya bonde hujiachia kwa upepo kama tai, na sauti yake ni nzito na ya koo. Watu watatu waliokaa miji mitatu wanaweza kusema kunguru, kila mmoja akamaanisha ndege mwingine, wasijue kwamba hawajaelewana. Kamusi inayosema kwamba kunguru ni mweusi na mweupe imemtoa wa Unguja nje ya neno. Inayosema ana shingo ya kijivu imewatoa wa Mbeya. Jibu si kubuni maneno matatu mapya. Jibu ni kueleza kwamba neno hilo ni la jamii, kisha kutaja alama zinazowatenga waliomo ndani yake na mahali waonekanapo.

Itajibiwa kwamba kamusi si kitabu cha ndege. Ni kweli, wala hakuna anayeitaka ihesabu mayai. Lakini kamusi yoyote inayothubutu kueleza neno imekwisha kuahidi kwamba msomaji ataweza kulitumia. Methali isemayo kwamba kunguru mwoga huukimbiza ubawa wake yaweza kueleweka bila kujua ni kunguru yupi, maana humo ndege ni mfano wa mtu. Ndivyo alivyo chiriku kwa msemaji asiyenyamaza, na kasuku kwa anayerudia maneno ya wengine. Pengine utajiri huu wa mifano ndio uliowafanya watunga kamusi wadhani kwamba ndege amekwisha elezwa, kumbe kilichoelezwa ni tabia ya binadamu.

Kosa la pili ni kuitegemea rangi. Rangi ndiyo alama ya kwanza machoni, na ndiyo inayodanganya upesi. Chozi ni jina zuri la wale ndege wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda, wanaofyonza utamu wa maua. Katika bustani za Mbeya huonekana chozi mmoja mkubwa kuliko wenzake, ambaye dume lake likiwa kivulini ni jeusi, na jua likimpiga hung'aa kama shaba iliyosuguliwa, tena mkia wake una manyoya mawili marefu ya katikati. Jike lake ni la kijivu mgongoni na la manjano yenye michirizi tumboni, lisilo na mng'ao wowote. Mwenye kufuata rangi atahesabu ndege wawili. Kisha atakuja chozi mwingine, mdogo sana, ambaye dume lake lina tumbo la manjano, na mwenye kufuata rangi atamwoza kwa jike la yule wa kwanza. Mdomo, kadiri ya mwili na umbo la mkia vingemwokoa. Yuko pia ndege mdogo mweusi na mweupe, mwenye mdomo mwekundu na mkia unaoshinda urefu wa mwili mzima, ambaye hurukaruka hewani mbele ya majike yake kama aliyefungwa kwa uzi. Majira ya kuzaa yakiisha, mkia huo hudondoka na dume hugeuka la kahawia kama shomoro. Kamusi itakayomweleza kwa rangi na mkia itakuwa ya kweli kwa miezi kadhaa ya mwaka.

Neno shomoro lenyewe lina historia yake kusini, maana wengi walilipokea kanisani kabla ya kulipatia ndege. Limo katika Biblia ya Kiswahili, nalo huwekwa juu ya kila ndege wa kahawia aokotaye punje. Wale vindege wa kahawia wa majanini, ambao wanasayansi wamewakusanya katika jamii moja ya Cisticola, huingizwa humo humo. Ni ndege wagumu kweli. Lynes, aliyeichambua jamii hiyo yote katika kitabu kikubwa cha mwaka 1930, ilimbidi asikilize sana kuliko kutazama. Baadaye alizichunguza nyanda za Ubena, Uhehe na Iringa, akaandika juu ya ndege zake mwaka 1934. Na mmoja wa vindege hao wa kahawia alipewa mwaka 1933 jina la kitaalamu linalochukua jina la Njombe. Mwingine, wa vichaka na kingo za misitu ya huko, huimba mume na mke pamoja kwa sauti kali kama bawaba isiyotiwa mafuta. Aliyemsikia mara moja hamsahau. Aliyemwona tu hana la kusema.

Kwa njiwa, hali ni kinyume: maneno ni mengi na mipaka haionekani. Kuna hua, tetere, pugi na ninga. Ninga hana taabu, kwa kuwa rangi yake ya kijani humtenga. Wale watatu wa kwanza huelezwa kwa maneno yanayopishana, kila mmoja akiwa njiwa mdogo, hata msomaji hawezi kujua kama ni ndege watatu au ni jina moja katika lahaja tatu. Iringa asubuhi hutoa nafasi nzuri ya kulipima jambo hilo. Yuko njiwa mwenye utepe mweusi kisogoni anayerudia milio mitatu mitatu bila kuchoka. Yuko mkubwa zaidi, mwenye jicho jekundu na utepe kama huo, ambaye mlio wake ni wa silabi sita. Na yuko mdogo wa vichakani mwenye madoa ya kijani yanayong'aa mabawani, ambaye mlio wake huanza polepole, ukashuka, ukaharakisha mpaka ukaisha kama mpira unaodundadunda. Masikio ya mtu yeyote hutenga sauti hizo tatu. Swali la mtunga kamusi lingekuwa jepesi kama angeuliza: sauti hii ni ya nani kwenu? Jina tetere lenyewe lina mlio ndani yake, na kigong'ota kadhalika ameitwa kwa kazi yake ya kugonga. Lugha ilikwisha kufundisha kwamba ndege hutambulikana kwa sauti na kwa kazi. Ni kamusi ambazo hazikusikiliza.

Jambo hili linaonekana pia katika namna watu wanavyoonyeshana ndege. Mtu akiulizwa ni ndege gani, hajibu kwa kutaja rangi zote kutoka kichwani mpaka miguuni. Husema: yule mwenye kishungi, yule wa kwenye waya, yule anayetikisa mkia juu ya bati. Neno mwenye na kishazi cha tabia ndiyo fasili ya Kiswahili yenyewe, na ni fasili inayochagua alama moja itengayo badala ya kumwaga alama kumi zisizotenga. Tena ni fasili inayomweza ndege mmoja mahsusi, si jamii yake tu. Katika nyua nyingi za Iringa yuko ndege mweusi mgongoni na mweupe tumboni, mwenye mkia mrefu na mdomo wa ndoano, akaaye juu ya nguzo ile ile kila siku kwa sababu hulinda eneo lake, na huwatundika panzi kwenye miiba au kwenye seng'enge. Wako waandishi wanaoitumia mbwigu kwa jamii yake yote. Huyu wa nyanda za juu za kusini ana alama asiyokuwa nayo nduguye wa kaskazini: mstari mweupe juu ya jicho, kama nyusi. Reichenow alimtangaza kwa wanasayansi mwaka 1901, na kwa Kiingereza huchukua jina la Uhehe. Wataalamu wangali wanabishana kama ni aina kamili au ni tawi tu la nduguye, ubishi ambao kamusi haina haja ya kuungoja. Ajabu iliyopo ni kwamba jina la Uhehe limo katika Kiingereza cha ndege huyo, na Kiswahili cha Iringa hakina neno la kumtenga.

Hapo ndipo hutokea tamaa ya kutafsiri. Mtu huchukua orodha ya Kiingereza, akageuza kila jina kipande kwa kipande, akatoa majina yaliyounganishwa kwa vistari kwa ndege mamia. Baadhi yake ni mazuri, hasa yale yanayotaja alama inayoonekana kweli. Kumwita yule wa majabali kunguru kisogo-cheupe kunamsaidia mtazamaji mara moja. Lakini majina yanayotafsiri jina la mtu, au alama ambayo Mwingereza aliiona kwenye ngozi mezani, hayawezi kushika kinywani mwa mtu wa Mbeya. Kitabu cha ndege wa Kenya na Tanzania ya kaskazini kilichotolewa na Zimmerman na wenzake mwaka 1996 hakiifikii nchi hii kabisa, kama jina lake linavyosema. Kile cha Stevenson na Fanshawe cha mwaka 2002 kinaifikia, nacho ni hazina kwa macho. Ila mwenye kukifanya chimbuko la istilahi za Kiswahili atakuwa ameruka watu wanaoishi na ndege hao.

Kiswahili hakikuona aibu kuchukua ikulu kutoka Kinyamwezi, wala ngeli kutoka Kihaya. Hakuna sababu ya kuona aibu kwa jina la ndege kutoka Kihehe au Kisafwa, ikiwa ndege huyo ni wa huko na jina lake halina mwenzake pwani. Kinachohofisha ni muda. Majina ya namna hii hayaandikwi katika barua wala hayatumiwi sokoni. Hukaa kwa wazee waliochunga ng'ombe na kutega mitego utotoni, na mtoto anayekulia mjini hayapokei. Msiba wake hautangazwi, maana ndege mwenyewe yungali anaimba mtini na kila mtu hudhani kwamba hakuna kilichopotea.

Mfano mzito zaidi ulitokea Iringa. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa katika milima ya Udzungwa, upande wa Ndundulu, waliona ndani ya sufuria ya chakula chao miguu ya ndege wasiyemjua. Akafuatiliwa, na mwaka 1994 akatangazwa kuwa kwale mpya kwa sayansi, tena si wa aina mpya tu bali wa jenasi mpya, Xenoperdix. Habari hii husimuliwa kama kichekesho cha wanasayansi. Kwa mtu wa kamusi ina maana nyingine. Aliyemtega ndege yule alijua alipo, njia apitazo na jinsi ya kumnasa. Ujuzi wa namna hiyo haukai kwa mtu bila maneno. Ndege alitoka katika sufuria akaingia katika Kilatini bila kupita katika Kiswahili.

Maelezo yanayofaa hayahitaji kuwa marefu. Shore, kwa mfano, angeweza kuelezwa hivi: ndege wa kadiri ya ngumi, wa kahawia, mwenye kichwa cheusi chenye kishungi kifupi na manyoya ya manjano chini ya mkia, hukaa karibu na nyumba, hula matunda, huanza kuimba kabla ya jua. Kuzumburu: ndege wa kijivu-kahawia mwenye kishungi na mkia mwembamba mrefu kuliko mwili, aendaye kwa makundi na kutambaa matawini kama panya. Kila moja ni mistari mitatu, na mtu aliyeisoma Mbeya asubuhi anaweza kumwona ndege wake kabla ya chai ya saa nne. Dudumizi, anayeitwa pia tipitipi, angeelezwa kwa sauti kwanza, mfululizo wa milio inayoshuka kama maji yanayomiminwa kutoka chupani, kwa kuwa husikika mara kumi kabla ya kuonekana mara moja.

Mwenye kukusanya majina kusini atafanya kazi bora akiuliza ndege akiwa mbele ya macho, au angalau sauti yake ikiwa masikioni; kuuliza kwa orodha chumbani huleta majina yanayompendeza muulizaji. Aonyeshe dume na jike mbali mbali, kwa sababu huenda wenyeji wana majina mawili au wameyaunganisha kwa haki. Kando ya jina aandike kijiji, lugha, na mwezi, kwa ajili ya wale wanaobadili manyoya. Na pale wazee wawili watakapotofautiana, yote mawili yaandikwe na tofauti ibaki kama ilivyo, mpaka atakapopatikana wa tatu.